Taa ya Nje Ni Zamu ya Nani?

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo pengine mtaliona dogo: taa za nje ya nyumba, na kifaa kinachoitwa taima, yaani saa inayowasha na kuzima taa bila mtu kugusa swichi. Msidhani kwamba tumeacha uuguzi tukawa mafundi umeme. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba tumeifikia taima kwa kupitia hospitali.

SIMU YA SAA 12:30 JIONI

Kwa miaka mingi tulikuwa na desturi moja. Tukiwa kazini zamu ya jioni, ifikapo saa 12:30 tulijitenga pembeni mwa wodi tukapiga simu nyumbani. Maneno yalikuwa yale yale: "Mmewasha taa ya nje?" Siku nyingine tulijibiwa, "Tayari, mama." Mara nyingi tulijibiwa, "Ndiyo tunakwenda sasa hivi," nasi tukajua kwamba wamekumbushwa na simu. Akina mama wenye kazi za zamu, wenye biashara za jioni, na wenye vikao vya kanisa baada ya kazi, simu hii mnaijua. Mwili uko kazini, moyo uko kwenye swichi.

Nyumba yetu iko nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam. Tulihamia kabla haijakamilika, kama wengi wetu tunavyofanya, na choo kiko uani. Swichi ya taa za nje ilifungwa ndani ya stoo, na mlango wa stoo unafunguliwa kwa nje. Hivyo mtu aliyetaka kuwasha taa ilimbidi kwanza aizunguke nyumba gizani. Binti anayetusaidia kazi za nyumbani aliogopa kupita huko, na watoto waliogopa zaidi. Sisi hatukuona kwamba kosa ni la swichi. Tuliona kwamba watoto ni wavivu.

Siku moja zamu ilituelemea. Wagonjwa wawili walizidiwa kwa wakati mmoja, na saa 12:30 ikapita bila sisi kuiona. Tulichelewa hata kukabidhi zamu. Karibu saa 2:30 usiku tukaitwa chini mapokezi. Juu ya machela alikuwa amelala mama mkwe wetu, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, akiwa bado amejifunga kanga ya nyumbani. Alikuwa ametoka kwenda chooni saa 1 usiku. Baraza la nyuma lina ngazi tatu. Alizikanyaga mbili, ya tatu hakuiona.

Mguu wake wa kulia ulikuwa umefupika na unyayo umegeukia nje. Muuguzi akiona hivyo hushuku mara moja kwamba mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Picha ya eksirei ilithibitisha. Tumewahi kuwapokea wazee wengi wa namna hiyo, na ndugu zao tuliwauliza kwa sauti ya ukali kidogo: "Kwani nyumbani hamna taa?" Usiku ule hatukuwa na mtu wa kumwuliza.

Kesho yake baba watoto aliuliza ni nani aliyepaswa kuwasha taa. Mtoto mkubwa alidhani binti amekwisha kuwasha. Baba watoto mwenyewe alikuwa njiani anarudi. Binti alitazama chini kwa muda, kisha akasema, "Mama, siku zote unapiga simu. Nilikuwa nangoja simu."

Tulikuwa tayari kumgombeza. Mchana tulipomweleza mama mkwe maneno hayo kando ya kitanda chake, alisema, "Mwanangu, msimwonee mtoto. Swichi gani hiyo, mtu apite gizani kwanza ndipo aupate mwanga?"

Hatukuwa na jibu. Wodini kila dawa ina saa yake, na kila saa ina jina la mtu kwenye ratiba. Kazi isiyokuwa na jina la mtu haifanywi, na likitokea la kutokea kila mmoja humtazama mwenzake. Tunawafundisha hivyo wauguzi wapya kila mwaka. Nyumbani kwetu taa haikuwa na jina la mtu. Ilikuwa na simu tu.

MACHO, MIFUPA NA GIZA

Kabla ya kuieleza taima, tuseme kidogo juu ya afya, kwa sababu hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe.

Mtu akitoka chumba chenye mwanga mkali akaingia gizani, macho yake hayaoni vizuri papo hapo. Yanahitaji dakika kadhaa ndipo yaanze kuzoea, na huweza kuchukua kama nusu saa kuzoea kabisa. Macho ya mzee huzoea polepole zaidi, na huhitaji mwanga mwingi zaidi kuliko ya kijana. Kwa hiyo hatua chache za kwanza nje ya mlango, pale penye ngazi, ndizo hatua ambazo mtu huzipiga akiwa karibu haoni kitu.

Jambo la pili ni mifupa. Sisi wanawake, hedhi ikisha kukoma, mifupa yetu huanza kupungua uimara kwa kasi zaidi kuliko awali. Anguko ambalo kwa msichana ni mchubuko tu wa goti, kwa bibi yake laweza kuwa kuvunjika nyonga, upasuaji na miezi ya kuuguzwa. Na anayeuguza, aghalabu, ni mwanamke mwingine wa nyumba hiyo hiyo.

Ikiwa mzee ameanguka nyumbani kwako na hawezi kusimama, usimwinue kwa nguvu ili kumjaribu kama atatembea. Usimkande kwa maji ya moto, wala usimchue. Mwache alale, mfunike asipate baridi, tia mito au nguo zilizokunjwa pande zote mbili za mguu ili usicheze, na utafute usafiri ambao ataweza kulala kwa urefu. Usimpe chakula njiani, maana huenda akahitaji upasuaji.

Tena tusisahau kwamba uani usiku wamo pia wadudu na nyoka. Taa haimfukuzi nyoka, lakini humwonyesha mtu anapoweka mguu. Viatu vivaliwe vilevile.

TAIMA NI NINI?

Taima ni swichi yenye saa ndani yake. Unaiambia wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima, nayo hurudia kila siku. Madukani kuna aina mbili kubwa.

Aina ya kwanza ni ya gurudumu. Ina duara lililoandikwa saa 24, na pembeni mwa duara kuna vijino vidogo. Kwenye nyingi kila kijino ni dakika 15, kwa hiyo vipo 96. Vijino vya saa unazotaka taa iwake unavisukuma chini, vingine unaviacha juu. Ni rahisi kuelewa hata kwa asiyesoma vizuri, na bei yake ni ya chini. Lakini duara hilo huzungushwa na umeme wenyewe. Umeme ukikatika, saa husimama, na ukirudi huendelea kutoka pale iliposimama.

Sisi tulianza na hiyo. Tuliipanga iwashe saa 12:15 jioni na kuzima saa 12:30 asubuhi. Ilifanya kazi vizuri mpaka umeme ulipokatika kwa saa tatu mchana mmoja. Jioni ile uani palikuwa giza hadi saa 3:15 usiku, na asubuhi taa zikabaki zinawaka hadi saa 3:30 jua limepanda. Anayetumia aina hii hana budi kuirekebisha kila baada ya umeme kukatika.

Aina ya pili ni ya dijitali. Ina kioo kidogo kinachoonyesha saa kwa tarakimu, na ndani yake mna betri ndogo inayotunza saa na maagizo umeme unapokatika. Umeme ukirudi, taima hujua saa halisi ni ngapi. Huweza pia kupangiwa siku: Jumapili iwe hivi, siku za kazi ziwe vile. Kwa nyumba zetu, ambapo umeme hukatika mara kwa mara, tunawashauri mnunue hii hata kama mtaongeza pesa kidogo. Ikiwa mpya na kioo hakionyeshi kitu, msiirudishe dukani haraka. Mara nyingi betri yake haina chaji. Ichomekeni kwenye umeme kwa saa kadhaa kwanza.

MAMBO YA KUTAZAMA DUKANI

Kwanza, tazama maandishi ya nguvu ya umeme. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Ndugu zetu walioko Marekani wakati mwingine hutuletea zawadi za vifaa vya huko, ambako umeme ni volti 120. Taima iliyotengenezwa kwa volti 120 tu, ikichomekwa kwetu, itaungua, na huenda ikachoma zaidi ya yenyewe.

Pili, uliza kama ni ya kuchomeka kwenye soketi au ya kufungwa ndani ya kisanduku cha breka. Ya kuchomeka inafaa kwa taa moja yenye plagi, mathalani taa ya barazani. Ya kwenye kisanduku ndiyo inayofaa kwa taa zilizofungwa ukutani na getini.

Tatu, kama kifaa kitakaa mahali panapofikiwa na mvua, kiwe na alama ya IP44 au zaidi. Maana yake ni kwamba kinastahimili kurushiwa maji. Chenye alama ya IP20 ni cha ndani tu. Kukifunika kwa mfuko wa nailoni, kama tulivyoona katika nyumba fulani tulipokwenda kutembelea wagonjwa wa usharika, si kinga.

Nne, tazama uwezo wake kwa ampea. Taima nyingi ni za ampea 10 au 16, na balbu chache za LED hazifikii hapo hata kidogo. Lakini msijaribu kuunganisha pampu ya maji kwenye taima ya taa kwa sababu tu imeandikwa 16. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi ghafla. Hilo mwulizeni fundi.

Na tukisema fundi, tunamaanisha fundi umeme mwenye leseni. Kuchomeka kifaa kwenye soketi ni kazi yetu; kufungua kisanduku cha breka si kazi yetu, wala si kazi ya kijana wa mtaani anayejua kidogo kidogo. Hospitalini tumewapokea pia waliojaribu.

Fundi wetu alifanya mambo mawili tunayoyashukuru mpaka leo. Alitenganisha taa za mbele na taa ya njia ya chooni ziwe laini mbili, kila moja na taima yake. Kisha aliweka swichi ya kawaida ndani ya nyumba, karibu na mlango wa nyuma, iliyounganishwa sambamba na taima. Hivyo taima ikiwa imezima, mtu huweza kuwasha taa kabla hajakanyaga nje. Swali la mama mkwe likapata jibu hapo, kabla hata ya taima kuanza kazi.

SAA ZETU NA SAA ZA KIFAA

Sasa tuwasimulie kosa letu ili ninyi msilirudie. Taima ya dijitali ilipofungwa, baba watoto alijitolea kuipanga mwenyewe. Aliandika iwashe 12:15 na izime 12:30, maana tulitaka taa ziwake saa 12:15 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Jioni hiyo hakuna kilichowaka. Kesho yake saa 6:15 mchana, jua likiwa utosini, taa zote za nje zikawaka. Saa 6:30 zikazimika. Jirani alikuja kuuliza kama tuna sherehe.

Kosa halikuwa la kifaa. Kifaa huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, nasi tunahesabu kuanzia alfajiri na jioni. Saa yetu 12 jioni, kwake ni 18. Kutoka hapo hesabu kwa vidole: saa 1 usiku ni 19, saa 2 ni 20, saa 3 ni 21, saa 4 ni 22, saa 5 ni 23, na saa 6 usiku ni 00. Kisha huanza upya: saa 7 usiku ni 01, saa 10 alfajiri ni 04, saa 11 ni 05, na saa 12 asubuhi ni 06. Dakika hazibadiliki. Basi saa 12:15 jioni huandikwa 18:15, na saa 12:30 asubuhi huandikwa 06:30. Andika orodha hiyo kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kisanduku.

Kupanga kwenyewe hakuchukui muda. Kwanza weka saa halisi na siku ya leo. Kwenye taima nyingi ni kwa kushikilia kitufe cha CLOCK huku ukibonyeza cha saa, cha dakika na cha siku. Pili, bonyeza kitufe cha programu, uandike wakati wa kuwasha, kisha wakati wa kuzima. Tatu, na hapa wengi hukosea, hakikisha kialama cha kioo kimesimama kwenye AUTO. Kikibaki kwenye ON taa zitawaka usiku na mchana, na kikibaki kwenye OFF hazitawaka kamwe, hata kama maagizo yako ni sahihi.

TUZIWASHE SAA NGAPI?

Hapa sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati. Huko London jua huzama kabla ya saa 10 jioni mwezi Desemba, lakini mwezi Juni huzama baada ya saa 3 usiku. Mama wa huko asiporekebisha taima yake kadiri majira yanavyobadilika, taa zitawaka ovyo. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima. Tofauti haifiki hata saa nzima. Ukipanga saa 12:15 jioni, umepanga kwa mwaka mzima. Lakini tazama jua la mahali pako: Kigoma jua huzama karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, ingawa saa ya ukutani ni moja.

Mpango wetu ni huu. Taa ya nyuma, ya njia ya chooni, inawaka saa 12:15 jioni na kuzima saa 12:30 asubuhi, usiku kucha, kwa sababu mzee na mtoto hawachagui saa ya kwenda chooni. Taa tatu za mbele zinawaka saa 12:15 jioni na kuzima saa 5 usiku, watu wote wakiwa wamekwisha kurudi. Zinawaka tena saa 10:30 alfajiri hadi saa 12:30 asubuhi, kwa ajili ya wanaowahi daladala.

Sasa tutazame LUKU. Balbu zetu nne za LED ni za wati 9 kila moja, jumla wati 36. Zamani mara nyingi zilisahauliwa zikawaka usiku na mchana. Wati 36 kwa saa 24, kwa siku 30, ni karibu uniti 26. Kwa mpango wa sasa tunatumia karibu uniti 9 kwa mwezi. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti unayolipa wewe, utajua taima itajilipa baada ya miezi mingapi. Kama bado unatumia balbu za zamani za wati 60, badilisha balbu kwanza kabla ya kununua taima. Hizo nne peke yake, zikiwaka saa 12 kila usiku, hula zaidi ya uniti 86 kwa mwezi.

Mkisafiri wote, kumbukeni kwamba nyumba yenye taa zinazowaka mchana kutwa humtangazia kila mpita njia kwamba wenyewe hawapo. Taima huondoa tangazo hilo. Baadhi zina kitufe cha kuwasha na kuzima kwa nyakati zisizofanana, ili nyumba ionekane ina watu.

MWANGA UANGUKE WAPI?

Taa ya nje ni kwa ajili ya miguu ya watu. Ielekee chini, kwenye ngazi na njia, isielekee machoni pa anayetembea wala dirishani kwa jirani. Isimulike chumba cha watoto pia: mwili wa binadamu hutengeneza homoni ya usingizi gizani, na mwanga mkali wa usiku huipunguza.

Wadudu hufuata mwanga. Kwa hiyo taa isifungwe juu kabisa ya mlango. Isogezwe kando kidogo. Balbu yenye mwanga wa njano huwavuta wadudu wachache kuliko yenye mwanga mweupe wa samawati. Chandarua, hata hivyo, kibaki mahali pake. Mbu wa malaria huuma tangu jua kuzama hadi alfajiri, na hakuna taima ya kuwazima.

Na ngazi zenyewe mzipake rangi nyeupe ukingoni. Kopo dogo la rangi linatosha, na halihitaji umeme.

TAIMA NAYO INA MLEZI

Tusiwadanganye, akina mama. Taima haiwezi kuwasha taa umeme usipokuwapo. Kwa hiyo tochi au taa ndogo ya sola ikae mahali pamoja siku zote, karibu na mlango wa nyuma, na mzee aonyeshwe ilipo. Taima nayo huchoka: betri yake ya ndani huzeeka baada ya miaka, ikaanza kupoteza saa kila umeme unapokatika. Balbu huungua. Mtu lazima atazame.

Kwetu anayetazama ni binti yule yule. Tulimpa kazi hiyo kwa jina lake, tukaiandika kwenye karatasi jikoni: kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na kila baada ya umeme kukatika kwa muda mrefu, analinganisha saa ya taima na saa ya simu. Alijifunza kuipanga kwa siku moja, na ndiye aliyemwonyesha jirani jinsi ya kupanga ya kwake. Tulimwomba radhi pia kwa yale tuliyotaka kumtamkia siku ile. Halikuwa jambo rahisi kwa mtu wa umri wetu, lakini lilistahili.

Mama mkwe alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani baada ya majuma kadhaa. Sasa anatembea kwa kushikilia fremu, taratibu, na hatatembea tena kama zamani. Jioni hukaa kwenye kiti karibu na mlango wa nyuma. Taa ikiwaka huangalia saa ya ukutani na kusema, "Haijachelewa."

Nasi tukiwa kazini zamu ya jioni, saa 12:30 bado tunapiga simu nyumbani. Siku hizi tunauliza kama bibi amekula.

Basi wapenzi, leo jioni tokeni nje mlango wa nyuma kabla taa haijawashwa, mzipige hatua kumi za kwanza kama atakavyozipiga mzee au mtoto wenu. Mtakachokiona, au mtakachoshindwa kukiona, ndicho cha kuanza nacho. Tukijaliwa tutakutana tena mwezi ujao. Tunawatakia usiku mwema, ninyi na wote wa nyumbani mwenu.